Maji Hayasomi Muhtasari

Mtu wa kwanza kuniita mwongo mbele ya watu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alikuwa amesema kweli. Naanza na hilo ili msomaji asidhani namtetea kwa kuwa alikuwa rafiki yangu. Hakuwa. Nilimjua miaka kumi na minne. Nilikula naye, nilimbebea vyombo vyake vya kupimia, kisha nikamsaliti, na hadi leo sijui kama aliwahi hata kunipenda. Lakini nikisikia watu wakimtaja kwa kicheko, kama walivyozoea pale kijijini, damu inanichemka.

Tulimwita Mtaalamu. Jina lake halisi liko kwenye kitabu cha wageni cha ofisi, kwenye kurasa nyingi, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Kwao ni wapi na ukoo wake ni upi sikuwahi kumwuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia mambo hayo. Nilichojua ni kazi yake: alitafiti namna maji yanavyotembea chini ya ardhi, ndani ya miamba, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Mimi nilikuwa mtendaji wa kijiji, katika mkoa huu wa Singida. Kijiji chenyewe sikitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Alifika mara ya kwanza wakati wa kiangazi, ule mwezi ambao akina mama wanafukua mchanga wa korongo kwa mikono na kuchota maji kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, hadi ndoo ijae. Nilikuwa nimewazoea wataalamu. Wanaingia ofisini, wanasaini kitabu, wanauliza mwenyekiti yuko wapi, wanapelekwa kula kuku, jioni wameondoka. Huyu aliwaamkia wazee waliokaa barazani mmoja mmoja, akangoja kila marahaba, ndipo akanigeukia.

"Mtendaji, nani hapa anachota maji?"

"Wananchi, mama."

"Wananchi wanaume?"

Nikafunga kitabu cha wageni.

"Basi niitie wanawake wawili wanaochota. Mwenyekiti nitamsalimia baadaye."

Mwenyekiti hakuisahau siku hiyo. Wale wanawake nao hawakuisahau. Walimzungusha kutwa nzima, wakamwonyesha vichemchemi ambavyo mimi, mwenye muhuri wa kijiji, sikujua kama vipo.

Alikuwa na tabia ya kuonja. Akifika kisimani anachota kiganja kimoja, anaonja, anatema, anatulia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha anasema, haya ni ya mvua ya juzijuzi. Au, haya ni makongwe, yameingia ardhini kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Tulidhani anatutania. Baadaye alitueleza kwamba kuonja kwake ni mazoea tu, jibu la kweli linatoka maabara, na ndiyo maana aliondoka kila safari na kreti la chupa zenye vibandiko. "Chumvi ulimi unaijua," alisema. "Floridi ulimi hauijui. Ni madini, yanayeyuka kutoka kwenye mwamba, hayana ladha wala harufu. Yakizidi yanaharibu meno ya mtoto yakiwa bado hayajaota, na yakizidi zaidi yanapinda mifupa. Ukiyaonja unasema maji matamu haya."

Alikuwa na utepe mrefu ulioviringishwa kwenye gurudumu, wenye kichwa cha chuma. Aliuteremsha kisimani taratibu, na kichwa kikigusa maji kililia ti-ti-ti, naye akasoma kina na kuandika. Kwa kazi hiyo alikuwa na subira ya ajabu. Angekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu asubuhi hadi saa tisa, akipima kisima kilekile tena na tena wakati wenzake wanasukuma pampu kwenye kisima cha mbali, ili aone kama hiki kinashuka pale kile kinaponyonywa. Akiona kinashuka alifurahi kama mtu aliyegundua kwamba majirani wawili ni ndugu. Lakini subira yake aliitumia yote kwenye maji. Watu hawakubakiziwa. Dereva akichelewa kidogo alifokewa hadi anatafuta pa kujificha, ilhali yeye mwenyewe sikumbuki mkutano hata mmoja aliofika kwa saa yake. Gari lake lilikuwa chafu kiasi kwamba mbegu za alizeti ziliwahi kuota kwenye zulia la nyuma.

Na hakula kuku. Singida, mkoa wa kuku! Mama mmoja alimchinjia jogoo wake wa pekee, akaambiwa mgeni hali kuku, akalia machozi ya kweli. Mtaalamu alimfuata jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaomba mlenda na ugali wa uwele, akala hadi akafuta sahani kwa kidole. Jogoo tukamla sisi. Sababu hakuisema siku hiyo wala siku nyingine. Alikuwa na ukaidi wa namna hiyo, usio na maelezo, nami sitamfanya malaika hapa.

Alipotaka kueleza jambo alieleza vizuri kuliko walimu walionifundisha mimi. Kwenye mwinuko ulio juu ya kijiji chetu kuna mawe makubwa, haya mawe yetu yanayokaa juu ya ardhi kama nyumba za majitu. Aliwakusanya akina mama pale, akapitisha kidole kwenye ufa wa jiwe moja.

"Maji ni kama mbuzi," akasema. "Hayapiti unapotaka wewe, yanapita penye upenyo. Mvua ikinyesha hapa juu yanaingia kwenye nyufa hizi. Ukichimba hapa utayapata yakiwa bado machanga, hayajakaa na mwamba muda mrefu. Ni machache, lakini ni masafi. Yale yaliyoko kule mbugani yametoka hukuhuku, ila yamesafiri miaka mingi gizani, na njia nzima yanaulamba mwamba. Ni mengi kwa sababu ni makongwe. Na mkongwe amebeba mengi."

Mama mmoja akauliza, "Sasa wewe umeyaona yakipita?"

"Sijayaona hata siku moja," akajibu. "Mimba nayo hujaiona, lakini ukipapasa tumbo unajua mtoto amelala vipi."

Wakacheka, wakaelewa. Nakumbuka niliona wivu kidogo, maana mimi nilikuwa nimewahutubia akina mama hao miaka mingi na hawakuwahi kuniuliza swali.

Sasa nifike kwenye Mirihi, maana ndiyo iliyotumika kumwangamiza.

Huyu mama, pamoja na kazi ya visima, alishirikiana na watafiti wenzake wa nchi za nje waliokuwa wanachunguza kama kuna maji chini ya sayari ya Mirihi. Siku moja mvua ilitufungia ofisini akafungua kompyuta yake mpakato, akatuonyesha picha ya nchi nyekundu, kavu, yenye makorongo. Wazee walisogea. Mmoja aliyekuwa mjumbe wa serikali ya kijiji akasema, "Hiyo si kule kwetu Itigi hiyo?" Akaambiwa ni sayari nyingine. Akatazama tena. Mtaalamu akaeleza kwamba hesabu anazotumia kujua maji yanavyopenya kwenye nyufa za mawe ya Singida ndizo hizohizo zinazotumika kukisia yalivyopenya kule, kwa sababu mwamba ni mwamba, na vipimo vya visima vyetu vinawasaidia wale wenzake kupima hesabu zao kabla ya kuzipeleka mbali.

Mzee akauliza, "Huko kuna ng'ombe?"

"Hakuna, mzee."

"Watu?"

"Hakuna."

"Sasa maji ya nini?"

Tukacheka wote, na yeye alicheka. Kisha akasema, "Mzee wangu, nikijua yanavyojificha mahali pasipo na mtu, nitakosa kujua yanavyojificha hapa kwako?" Mzee akakubali kwa kichwa. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Laiti yangeishia kwenye mvua ile.

Mwaka uliofuata kijiji kikapangiwa mradi wa kisima kirefu. Mtaalamu alipewa kazi ya kuonyesha mahali pa kuchimba. Alizunguka wiki tatu, akapima, akapeleka chupa zake maabara, akarudi na jibu: kisima kichimbwe juu, kwenye mwinuko wa mawe, mwendo wa kama nusu saa kutoka madukani. Maji yatatosha kama yatatumika kwa utaratibu. Mbugani, karibu na shule na maduka, kuna maji mengi sana, lakini floridi imezidi kiwango cha kunywa mara kadhaa.

Diwani wetu hakutaka kusikia. Alikuwa ameshaahidi kisima cha karibu. Duka lake na nyumba yake vilikuwa hatua chache kutoka mbugani, na uchaguzi ulikuwa unanukia. Akaitisha mkutano wa hadhara.

Nataka niuseme mkutano ule ulivyokuwa, maana uliandikwa vingine. Mtaalamu alisimama akaeleza habari ya mawe na mbuga kama alivyowaeleza akina mama, taratibu, bila kufoka. Akamaliza kwa kusema, "Maji mengi si maji mazuri. Mkichimba mbugani mtafurahi siku moja, watoto watalia maisha yao. Mimi siridhii. Narudia, siridhii." Akina mama wawili watatu wakapiga makofi. Ndipo Diwani akainuka, akaweka mikono kiunoni.

"Ndugu wananchi, mmemsikia Mtaalamu. Maji ya Mirihi anayajua! Ya kwetu hapa, tunayoyaona kwa macho, anatubabaisha. Kwa nini asiende akawachimbie kisima hukohuko?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mtu aliyetembea na ndoo kichwani miaka yote humlaumu sana akicheka. Alikuwa anaahidiwa maji mlangoni. Lakini mimi nilikuwa nimekaa meza kuu na kalamu mkononi, nilikuwa nimezisoma karatasi za maabara, nilikuwa nimeshika zile chupa kwa mikono yangu. Nami nikacheka. Mtaalamu aliketi, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la kitenge. Aliifuta muda mrefu sana.

Baada ya mkutano Diwani alinifuata ofisini. Hakunitisha. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka. Aliegemea mlango, akaniambia kama mtu anayeagiza chai, "Kwenye muhtasari andika tu kwamba mtaalamu aliridhia eneo. Mradi usije ukakwama kwa ajili ya neno moja." Nikaandika: *Mtaalamu alitoa ufafanuzi na kuridhia eneo lililopendekezwa na wananchi.* Nikagonga muhuri.

Kisima kikachimbwa. Mtambo ulipofika chini maji yaliruka juu kama yamefunguliwa kifungoni, watoto wakayakimbilia wakiwa na nguo zao za shule. Kukawa na ngoma, mgeni rasmi, mchungaji akaomba na shehe akaomba. Diwani akabebwa juu. Nami nilikunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu, nikasema matamu.

Mtaalamu hakualikwa. Alikuja miezi michache baadaye kwa gari lake chafu, akaonja, akatema, akajaza chupa, akaondoka bila kusaini kitabu. Jibu la maabara lilipotoka akaandika barua wilayani. Akajibiwa kwamba hana haki ya kulalamika kwa kuwa muhtasari wa kijiji unaonyesha aliridhia. Basi akaja tena, na nakala mkononi. Nilikuwa na wajumbe wa kamati ya maji, watu kama saba.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi niliridhia?"

Nikatazama muhuri kama vile muhuri ungenisaidia. "Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sikuuliza ilivyoandikwa. Nimeuliza nilivyosema."

Akakunja ile karatasi mara nne. "Wewe ni mwongo," akasema, na hakupaza sauti. "Mfurahishe Diwani, wadanganye wakubwa wako, watakubali, wao wanasoma. Maji hayasomi muhtasari. Yatawapa watoto kile kilichomo."

Baada ya hapo mtu mwingine angetuacha. Angesema, nimesema hawakusikia, shauri yao. Huyu aliendelea kuja kila msimu. Siku moja alasiri alishuka na kopo la rangi nyekundu na brashi, akaandika kwenye ukuta wa kisima, herufi kubwa: WATOTO WASINYWE HAPA. Diwani akaagiza ifutwe. Akarudi akaandika tena. Ikapakwa chokaa. Mara ya tatu mgambo walimkamata na brashi mkononi, wakampeleka ofisi ya kata, wakamweka kwenye benchi la nje kutwa nzima, mama mtu mzima, rangi imemkaukia vidoleni, watu wanapita wanamtazama. Wapo waliompigia kelele, "Mtaalamu wa Mirihi!" Nilipita pale kwa baiskeli. Nilimwona, naye aliniona. Sikushuka.

Kulipoanza manung'uniko kuhusu maji, Diwani alitangaza kwamba dawa ni kuchemsha. Mtaalamu alisikia akiwa mjini, akaendesha gari hadi kijijini kwa ajili ya jambo hilo moja. Alisimama sokoni, kati ya wauza vitunguu, akapaza sauti kama mnadi. "Floridi si kijidudu! Haifi kwa moto! Ukichemsha, mvuke unaondoka, yenyewe inabaki, unakuwa umeizidisha! Mnasikia? Msichemshe mkidhani mmepona!" Baadhi walimsikiliza. Wengi walidhani amechanganyikiwa. Hasira ya mtu aliyesema kweli mara nyingi bila kusikika inafanana sana na wazimu, kwa mtu anayetazama kutoka mbali.

Binti yangu Upendo alikuwa mdogo kisima kilipochimbwa. Mke wangu, ambaye alikuwa mmoja wa wale waliopiga makofi mkutanoni, aliniuliza, "Kwa nini sisi tusichote kule kwenye mawe?" Nikamwambia watu watasemaje, mtendaji anakataa maji ya mradi? Hakuniuliza tena. Meno ya kudumu ya Upendo yalipoota yalikuwa na mabaka ya kahawia, mengine yamemomonyoka ukingoni kama chokaa iliyolowa. Shuleni hakuwa peke yake. Karibu darasa lake lote lilikuwa hivyo. Mtoto wa jirani yetu miguu ikaanza kupinda magotini, akawa anatembea kama aliyebeba kitu kizito asichokiona mtu.

Hapo ndipo ikaja timu ya kuchunguza. Wakapima maji, wakashtuka, wakataka kujua nani aliruhusu. Wakafungua jalada wakakuta mwandiko wangu. Mtaalamu aliridhia. Yaani karatasi ileile iliyotumika kumnyamazisha ikatumika kumshtaki. Mkuu wa timu akaniuliza, nikiwa nimesimama kama mwanafunzi, "Mtendaji, muhtasari huu ni sahihi?"

Nilikuwa na nafasi. Meno ya binti yangu nilikuwa nimeyaona asubuhi hiyo wakati anapiga mswaki. Nikasema, "Ni sahihi."

Mama yule akaondolewa kwenye kazi za nje. Akapewa meza na faili za kupanga, mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hadi alipostaafu. Diwani akachaguliwa tena. Baadaye ukaja mradi wa pili, kikachimbwa kisima kwenye mwinuko wa mawe, karibu kabisa na pale alipokuwa amepigilia vigingi vyake, na siku ya kuzindua Diwani alisimama akawashukuru "wataalamu wetu waliofanya kazi usiku na mchana". Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyelitaja jina lake. Na kisima hicho kinahudumia vitongoji viwili tu. Cha mbugani kiko wazi, kiko karibu, kina maji mengi, na watu wanakunywa hadi leo.

Niliacha kazi nikahamia upande wa Misigiri, nalima alizeti. Mtu akiwa peke yake shambani anaongea na nafsi yake, na yangu ilikuwa na maneno mengi. Mwaka jana niliandika kurasa mbili kwa mkono, nikaeleza mkutano ulivyokuwa na nilivyoandika. Nikasikia kutoka kwa yule dereva wake wa zamani kwamba anaishi mjini Singida, na kwamba siku nyingi hupatikana kando ya ziwa Kindai. Nikapanda basi.

Nilimkuta amesimama kwenye tope la chumvi, mabuti ya mpira hadi magotini, kofia ya majani kichwani, amezeeka, amekonda, miwani mingine. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, walikuwa mbali majini. Utepe ulikuwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikanyage hapo."

Nikasimama. Pale nilipotaka kukanyaga palikuwa na kichemchemi cha maji yanayobubujika kutoka chini, maangavu, katikati ya tope. Akaniambia, bila kuniuliza nimefuata nini, kwamba ni maji baridi kutoka kwenye miamba ya juu, yanatokea hapa chini ya ziwa la chumvi, na amekuwa akiyapima tangu astaafu. Wenzake wa nje wanataka vipimo hivyo, kwa kuwa Mirihi kuna mabonde yaliyowahi kuwa maziwa, na wanafikiri yalijazwa kutoka chini.

"Wananisikiliza sana," akasema. "Nikisema neno moja kuhusu Mirihi wanaandika. Na kule nikikosea hakuna mtoto atakayeumia."

Nilimpa karatasi zangu. Alizisoma amesimama, mabuti yakididimia polepole. Alipofika katikati akasimamisha kidole.

"Hapa umeandika 'nililazimishwa'. Nani alikushika mkono?"

Akatoa kalamu kifuani, akakata neno lile, akaandika juu yake: *nilikubali*. Akaendelea kusoma hadi mwisho.

"Umezipeleka wapi hizi?"

"Nimekuletea wewe kwanza, mama. Nimekuja kukuomba msamaha."

Akanirudishia. Nilitegemea anifokee. Uso wake ulikuwa umechoka tu.

"Mimi sinywi maji ya pale," akasema. "Kawasomee wanaokunywa."

Kisha akainama kwenye kile kichemchemi, akaanza kuteremsha utepe wake, na nilielewa kwamba nimeruhusiwa kuondoka.

Ilinichukua majuma matatu kupata ujasiri wa kurudi kijijini siku ya mkutano wa hadhara. Mtendaji wa sasa ni binti mdogo, mpole, aliogopa kidogo, lakini aliniweka kwenye mengineyo, mwisho wa ajenda. Diwani alikuwa kiti cha mbele. Nikasoma kurasa zote mbili, pamoja na lile neno lililorekebishwa. Diwani alisimama kabla sijamaliza akaelekea kwenye pikipiki yake. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyecheka.

Mama mmoja, yule mwenye mtoto wa miguu iliyopinda, alinyoosha mkono.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na wako ulimnywesha?"

"Nilimnywesha."